Mama Yetu, Mpimaji wa Manukato Asiyesikia Harufu

“Andika alianguka, na wala hutakuwa umesema uongo,” bibi yangu alikuwa ananiambia jana mchana, amekaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya sebule, na baba yangu, ambaye hajawahi kumpandishia sauti mama mkwe wake, alikuwa amesimama dirishani macho chini, akasema kwamba mtu akisukumwa ni kweli huanguka, lakini si hilo tu lililompata mke wake. Bibi akamwambia, “Mkwe wangu, mimi nazika mmoja, wewe unataka nizike wawili,” maana kaka wa marehemu, mjomba wetu, yuko mahabusu, na bibi anaamini kwamba neno alisukumwa likishasomwa mbele ya watu wote hawa litamfuata mwanawe hadi mahakamani. Baba akajibu kwamba hana hamu ya kumzika mtu mwingine yeyote, anataka tu mke wake azikwe na historia yake mwenyewe, siyo ya kuazima. Waliendelea hivyo, bibi akijipiga mapaja, baba akirudia jambo lile lile kwa sauti ile ile, mpaka vijana wa turubai walipobisha hodi kuuliza nguzo zikae wapi.

Ndugu waombolezaji, mimi ni mtoto wa kwanza wa marehemu, familia imenipa kazi ya kusoma historia yake, nami nitaisoma kwa utaratibu wake, tangu kuzaliwa hadi kufa, na nitakapofika kwenye neno hilo sitaliruka.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1982, mtoto wa pili na wa mwisho wa babu, aliyekuwa dereva wa lori, na bibi, aliyekuwa akifua mashuka ya hospitali, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao, ambako vumbi la msumeno lilikuwa linaingia hadi kwenye sufuria. Kaka yake alimtangulia kwa miaka minne, na watu wazima waliowajua wanasema walikuwa wanapendana na kupigana kwa siku ile ile, wakigombana asubuhi juu ya sahani na jioni wakilala wamekumbatiana kwenye godoro moja.

Mwaka 1991, akiwa na miaka tisa, walinyang’anyana pampu ya baiskeli, kaka akashinda, na alipokwisha kushinda akamzungushia ile pampu usoni kwa nguvu zake zote. Mfupa wa pua ulivunjika, damu ikajaa mdomoni hadi akawa hawezi kulia, na babu, badala ya kumnyanyua binti, alivua mkanda kwanza akamshughulikia mwanawe, akampiga mpaka chuma cha mkanda kikamchana sikio, ndipo akatoka na mtoto begani kwenda zahanati, bibi nyuma yake. Njiani walikubaliana, babu na bibi, kwamba wakiulizwa waseme alianguka na baiskeli, kwa sababu hawakutaka watu wajue mambo ya ndani, na huko zahanati ndivyo ilivyoandikwa. Pua ilipona ikiwa imepinda kushoto, na tangu siku hiyo marehemu hakusikia tena harufu ya kitu chochote, iwe chakula kinachoungua, mafuta ya taa, au watoto wake mwenyewe walipozaliwa.

Alisoma shule ya msingi ya jirani na tangi la maji kuanzia mwaka 1989 hadi 1995, akaendelea na sekondari ya wasichana mwaka 1996 hadi 1999, ambako alilipenda somo la kemia kuliko yote, na mwalimu wake, ambaye tunaye hapa leo, anakumbuka siku chupa ya amonia ilipopasuka, darasa zima likakimbia machozi yakiwatoka, yeye akabaki ameinama anaandika, akishangaa wenzake wameenda wapi, mpaka mwalimu alipomvuta nje kwa kola huku akimwambia wewe mtoto utakufa na kalamu mkononi. Baadaye alijiunga na chuo cha mafundi sanifu wa maabara, akahitimu stashahada mwaka 2003.

Tarehe 2 Februari 2004 aliajiriwa katika maabara ya kupima vipodozi, ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri vya magari, na hapo ndipo alipofanya kazi hadi mwisho. Wenzake walimpa jina la Pua siku ya kwanza, kwa kumtania, naye akalipokea akaliandika kwa wino mweusi kwenye mfuko wa koti lake jeupe, na nyie mliokuja kutoka kazini hamjawahi kumwita jina jingine.

Wengi walidhani kazi yake ni kunusa, na walipojua kwamba hasikii harufu walicheka, kwa hiyo naomba nieleze kidogo kama alivyonieleza mimi. Manukato yanayotiwa kwenye losheni, sabuni na krimu yanatengenezwa kwa viambato vingi, na baadhi yake, hata vinavyotoka kwenye vitu vizuri kama mdalasini, karafuu na maganda ya limau, mwili wa mtu mwenye mzio huvipokea kama adui aliyevunja mlango, ngozi inawaka, inavimba, inapasuka na kutoa maji, wakati jirani yake amejipaka kutoka kopo lile lile na analala usingizi mzuri. Ndiyo sababu mtengenezaji anatakiwa akitaje kiambato cha namna hiyo kwenye lebo kikizidi kiwango, na kiwango cha krimu inayobaki mwilini ni kidogo zaidi kuliko cha sabuni inayooshwa. Marehemu alichukua krimu kiasi cha punje, akaipima kwenye mizani ambayo hata pumzi ya mtu huitikisa, akaiyeyusha, akaichuja, akaitia kwenye kichupa kidogo kuliko kidole, kisha mashine ikaipasha moto na kuipitisha kwenye mrija mwembamba uliojizungusha kama waya, na kila kiambato kikatoka kwa zamu yake na kuchora kilele chake kwenye skrini. Alipenda kusema kwamba pua ya mtu inaweza kuhongwa, mrija hauhongeki.

Kazi hiyo haikuwa ya amani. Mwaka 2014 mwenye mafuta fulani ya nywele, ambaye chupa zake zilikutwa na kiambato cha karafuu kisichotajwa popote, alipanda ngazi na vijana wawili, wakampiga mlinzi kwa kiti cha mapokezi hadi jino likatoka, wakaingia ndani wakaanza kuvunja vyombo vya kioo kimoja baada ya kingine, na kipande kimoja kikamchana marehemu shingoni, chini kidogo ya sikio. Alikaa sakafuni amebana jeraha kwa kiganja, amekumbatia vichupa vya yule yule mwenye mafuta kwa mkono wa pili, na yule bwana alipomwinamia kumwambia alete, alimjibu kwamba vichupa hivi ndivyo vinavyokutetea, ukivivunja tutaanza upya na safari hii utalipa wewe. Alishonwa, akarudi kazini wiki iliyofuata, na lile kovu ndilo baadhi yenu mliloliulizia jana mlipomuaga.

Tarehe 17 Desemba 2005 alifunga ndoa na baba yetu, fundi wa kuchomelea milango na madirisha, ambaye kwenye sherehe alisimama akawaambia wageni kwamba amepata mke asiyesikia jasho, na hatamwacha hata kwa dawa. Hatukuwahi kumwona baba akimnyanyulia mkono mama. Kazi ya kuonja na kunusa jikoni ilikuwa ya baba, na mara nyingi tulimsikia kutoka karakana yake ya uani akipiga kelele kwamba wali unaungua, mke wangu, wali.

Walijaliwa watoto wawili, mimi niliyezaliwa mwaka 2007, na mdogo wangu wa kike aliyezaliwa mwaka 2012. Mwaka 2019 cheche iliharibu jicho la kulia la baba, kazi ikapungua, na mjomba, ambaye wakati huo alikuwa ameshafungua kiwanda chake cha krimu, alichukua jukumu la kunisomesha. Nasema hili kwa sababu ni haki yake lisemwe. Alikuwa anakuja Jumapili na maboksi, anamrusha mdogo wangu juu mpaka anagusa dari, anamwita mama “Pua mbovu” na mama anamwita “Sikio”, kwa ajili ya lile kovu la mkanda, wakicheka wote wawili mpaka bibi anawanyamazisha.

Mwaka jana, mwezi wa Mei, mjomba alileta maabara krimu mpya ya watoto, akiomba cheti ili aiuze kwenye kliniki za wazazi, na kwenye kopo alikuwa amechapisha kwa herufi kubwa HAINA HARUFU, SALAMA KWA WENYE MZIO. Marehemu alimwambia mkuu wake kwamba mwenye krimu ni ndugu yake wa damu, kwa hiyo haifai aipime yeye, na aliyeipima ni mwenzake wa meza ya pili, akairudia tena, na mara zote vilitoka vilele vitatu, cha mdalasini, cha karafuu na cha limau, vyote juu ya kiwango. Hapakuwa na fumbo. Mafuta aliyokuwa akitumia mjomba yalikuwa na harufu ya samli iliyochacha, akayatilia manukato kidogo ya kuiua ile harufu, harufu mbili zikamalizana, na kopo likawa halinuki kitu.

Siku aliyopewa majibu mjomba alikuja nyumbani akiwa na kopo mkononi, akalifungua, akambandika mama usoni hadi krimu ikamwingia puani, akisema, “Haina harufu. Nusa wewe mwenyewe, Pua, nusa.”

Mama akajifuta kwa upande wa kanga akamwambia, “Mimi sinusi, kaka, na wewe ndiye unayejua kwa nini. Andika ina manukato, taja yale matatu, nitakuletea wateja mwenyewe.”

Mjomba alimwambia hajawahi kuona dada anayemchimbia kaka yake kaburi kwa neno moja, mama akasema ni neno moja tu na ndiyo maana ni rahisi kulibadilisha, mjomba akampiga kofi mbele yetu, baba akaingia na nyundo ya kazini, mdogo wangu akamshika baba miguu, na hivyo ndivyo Jumapili zile zilivyokwisha. Muhula uliofuata ada haikulipwa, nikaacha shule kidato cha pili, na bibi akatuambia tusiwatangazie watu, tuseme nilikuwa naumwa.

Mama hakuniambia niseme hivyo, na hakunikataza. Alinifundisha kusoma mizani kwa mizani ya jikoni, na akaniambia kitu ambacho nimekifikiria sana wiki hii, kwamba uongo mgumu kuukamata ni ule ambao kila neno lake ni la kweli. Krimu ile ni kweli haikuwa na harufu. Mtoto aliyepakwa alikuwa anaungua vile vile.

Maana watoto waliungua. Kufikia mwezi wa pili mwaka huu krimu ilikuwa imeanza kuuzwa madukani bila cheti, na fundi cherehani wa nyumba ya tatu, ambaye ndiye ninayejifunza kwake kazi, alimleta mwanawe wa miezi saba akiwa amevimba macho yote mawili, shingo imepasuka kwenye mikunjo na kushikana na nguo, hata kumvua ilibidi kitambaa kiloweshwe, na mtoto alilia mpaka sauti ikakatika akabaki anafungua mdomo tu. Marehemu aliliona kopo kwenye mfuko wa mama wa mtoto. Kesho yake aliripoti kwa wakaguzi, na kisha, kwa kuwa mjomba alikuwa ni kaka yake, akampigia simu akamwambia ameripoti.

Tarehe 12 Machi mjomba alimwita kiwandani, kwa maneno kwamba amekubali yaishe na amechapisha lebo mpya, aje azione. Ninayoyasema sasa nimeyapata kwa mama mchanganyaji wa krimu pale kiwandani, aliyekuwepo, na ambaye ameyasema pia polisi. Marehemu alipanda ngazi za chuma hadi ghorofa ya juu, kwenye mapipa ya kuyeyushia mafuta, akakuta maboksi yamepangwa tayari kwa kliniki, na lebo ni zile zile, ila herufi zimekuzwa. Hakugombana. Alivua mkoba akauweka chini, akaanza kubandua lebo kwa kucha, kopo moja baada ya jingine, akisema hateremki mpaka na mzigo uliokwisha kupakiwa ushushwe kutoka kwenye gari. Mjomba alimvuta nywele, akarudi kubandua. Akamsukuma kifua, akarudi kubandua. Ndipo mjomba alipochukua mwiko wa chuma wa kukorogea, ukiwa bado unachuruzika mafuta ya moto, akampiga nao begani, mfupa ukasikika ukivunjika, na mafuta yakamuunguza shingo na mkono. Marehemu alirudi nyuma hadi kwenye ngazi akashika bomba la pembeni kwa mkono uliobaki mzima, na mama mchanganyaji anasema kaka yake alimbandua vidole pale kwenye bomba, kimoja kimoja, kama yeye alivyokuwa akibandua zile lebo, kisha akamsukuma kwa viganja vyote viwili. Alishuka ngazi zote kwa mgongo na kichwa, akatua sakafuni.

Na mjomba huyo huyo ndiye aliyekimbia chini, akambeba mikononi, akampeleka hospitali kwenye gari la mizigo akilia kwa sauti, akimwita Pua, Pua, na alipofika mapokezi akaulizwa nini kimetokea, akasema ameteleza, ameanguka.

Nilifika na bibi kabla hajapelekwa kwenye upasuaji. Bega lilikuwa limekaa mahali si pake, sikio moja linatoa damu, na tumbo lilikuwa limeanza kuwa gumu kwa sababu wengu ulikuwa umepasuka na damu inavujia ndani. Madaktari walifanya walichoweza, wakautoa wengu, wakazuia damu, lakini ubongo ulikuwa umevimba, hakuzinduka, na ilipofika tarehe 14 Machi, alfajiri, akafariki akiwa na miaka arobaini na mmoja. Ameacha mume, watoto wawili, mama mzazi na kaka mmoja.

Bibi, unanisikiliza, na mimi nakuangalia. Sijasema mjomba hakuwa na moyo. Nimesema Jumapili zake, nimesema ada aliyonilipia, nimesema alivyolia kwenye gari, kwa kuwa hivyo navyo vilitokea, na mtu anayetaka kumhukumu avihesabu vyote. Lakini sitaandika alianguka. Nikiandika hivyo nitakuwa nimembandikia mama lebo.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari wa upasuaji na wauguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi, waliompigania siku zote mbili bila kutuficha hali yake. Tunawashukuru majirani wa mtaa wetu, waliompikia baba hata alipokataa kula, na mafundi wenzake waliofunga karakana zao ili kuchomelea msalaba wa chuma mtakaouona makaburini. Tunamshukuru mkuu wa maabara na wafanyakazi wote, hasa yule wa meza ya pili, ambaye jana aliniambia mashine imezimwa kwa heshima ya Pua na itawashwa kesho kutwa kwa sampuli za maboksi yaliyokamatwa, na tunamshukuru sana mama mchanganyaji, ambaye amepoteza kazi kwa kusema alichokiona na leo amekuja kukaa nasi. Mwanawe fundi cherehani anaendelea vizuri, ngozi inafunga.

Mama, umefanya kazi ya kutosha, pumzika sasa bila mtu wa kukusumbua.

Nimeyaacha mwisho maneno yake kwa sababu hakusema mengine baada ya hayo. Walikuwa wanamsukuma kitandani kuelekea upasuaji, mimi nimeshika chupa ya dripu, bibi ameshika miguu yake, na muuguzi mwenye karatasi za kupokelea wagonjwa alikuwa anatembea pembeni akiuliza kwa haraka aliumiaje, bibi akaanza kujibu, akasema lile neno. Marehemu alikuwa amefumba macho, tukidhani hasikii tena. Kitanda kilipogusa mlango wa chumba cha upasuaji alinyoosha ule mkono uliobaki mzima, akaushika mkono wa muuguzi wenye kalamu, akamwambia, “Dada, futa. Andika kaka yangu amenisukuma.”